Ndege Inapokataa Kutua: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Kutua Kwenye Simuleta ya Nyumbani

Mtu anayejifunza kurusha ndege kwenye simuleta ya nyumbani hupaa siku ya kwanza, hukata kona siku ya pili, kisha hukaa wiki kadhaa akipigana na njia ya kurukia. Ndege humdundia, humwelelea hadi mwisho wa lami, humpeleka majanini, au humwangukia kabla hajafika. Mara nyingi huamua kwamba mkono wake ni mzito, akaongeza mazoezi, na mazoezi hayo yakazidi kumzoesha kosa lile lile.

Nilipita huko. Kwa takriban mwezi mzima nilijilaumu kwamba sijui kuituliza Cessna 172 juu ya njia, kwa kuwa kila nilipofika ilielea na kuelea kana kwamba imekataa kushuka. Kumbe mpini wa nguvu za injini, hata ukivutwa hadi mwisho, ulikuwa ukiiambia programu kwamba bado umefunguliwa kidogo, kwa hiyo injini haikupata kupumzika hata mara moja. Hakuna idadi ya mazoezi ambayo ingeponya ugonjwa huo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye vifaa, ukapita kwenye skrini, ndipo ukafika kwa rubani mwenyewe. Na hata kwa rubani, unaanza maili tatu kabla ya njia, kwa sababu kosa linaloonekana kwenye lami kwa kawaida limetendeka mbali nyuma.

Jaribio lisilobadilika

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tengeneza safari fupi ambayo unaweza kuirudia ikiwa vile vile kila mara. Chagua ndege ndogo ya injini moja. Cessna 172 inafaa kwa sababu imo katika Microsoft Flight Simulator, X-Plane na FlightGear, na tabia zake zinajulikana vizuri. Weka anga safi, upepo sifuri, na uwanja ulio karibu na usawa wa bahari wenye njia ndefu na iliyonyooka. Anza ukiwa hewani, maili tatu za baharini kabla ya njia, kimo cha futi 1,000 juu yake, pua ikielekea katikati ya lami. Programu karibu zote zina namna ya kuanzia hapo au ya kuhifadhi hali hiyo ili uirudie kwa kubonyeza mara moja.

Zima pia misaada yote ya kiotomatiki, hasa ile inayosukuma usukani wa mkia kwa niaba yako na ile inayosaidia kutua. Msaada wa aina hiyo hufanya kazi kimyakimya, na mafahali wawili hawakai zizi moja: wewe unavuta, programu inasukuma, na huwezi kujua nani alikosea.

Baada ya hapo fuata sharti moja tu, nalo ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Atakayerekebisha fimbo, akaongeza ukubwa wa picha na kubadili ndege jioni moja hatajua ni kipi kilichomsaidia, wala kipi kilichoharibu mambo.

Fimbo, mpini na pedali

Fungua kwanza kidirisha cha vidhibiti vya michezo katika mfumo wa kompyuta yenyewe, kabla ya kufungua simuleta. Sogeza kila mhimili (yaani kila mwelekeo wa mwendo wa fimbo, mpini au pedali) kutoka mwisho mmoja hadi mwingine polepole, kisha uuachie. Alama iliyo kwenye skrini inapaswa kwenda bila kurukaruka, ifike mwisho kweli, na irudi katikati ile ile kila mara. Ikitetemeka yenyewe hali hujaigusa, kinachosababisha kwa kawaida ni vumbi au kuchakaa kwa kipima mzunguko kilicho ndani ya fimbo, tatizo linalovikumba zaidi vifaa vya bei nafuu kuliko vile vinavyotumia sumaku kupima mwendo. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme husaidia wakati mwingine. Isiposaidia, unaweza kuweka eneo bubu katikati ya mhimili, yaani sehemu ndogo ambayo programu huipuuza, lakini lisizidi asilimia tatu hadi tano. Eneo bubu kubwa linatuliza fimbo ukiwa juu, ila linakuumiza karibu na ardhi, kwa sababu unavuta kidogo bila kupata jibu, unavuta tena, kisha jibu linakuja lote kwa pamoja.

Sasa ingia ndani ya simuleta, usimame kwenye lami, na uitazame ndege yako kutoka nje. Vuta fimbo, isukume, ilaze kushoto na kulia, kanyaga pedali, huku ukitazama kama sehemu za mabawa na mkia zinafuata na kurudi. Vuta mpini wa nguvu hadi mwisho kabisa, usome kipima mizunguko: injini ya Cessna 172 iliyopumzika inazunguka takriban mara 600 hadi 800 kwa dakika. Ikiwa inasoma 1,000 au zaidi huku mpini ukiwa umefika mwisho, umepata ugonjwa wangu. Pima upya mipaka ya mhimili huo katika mfumo wa kompyuta, au uweke eneo bubu dogo upande wa mwisho wake.

Kasoro inayowasumbua watu wengi zaidi ni kidhibiti kimoja kuongozwa na vifaa viwili. Simuleta nyingi, zinapoona kifaa kipya kimechomekwa, hukigawia kazi zenyewe bila kuuliza. Ukinunua pedali wakati fimbo yako ina uwezo wa kuzungushwa, huenda usukani wa mkia sasa unasikiliza vyote viwili, na kila mtikisiko mdogo wa kiganja unaipeleka pua kando wakati magurudumu yanapogusa. Pitia orodha ya vifaa vyote, kimoja baada ya kingine, pamoja na kile kidhibiti cha michezo ulichokisahau nyuma ya meza, na ufute kila mgawo usiouhitaji.

Breki za pedali zinastahili kutazamwa peke yake. Mihimili yake mara nyingi husomeka kinyume, kiasi kwamba pedali iliyoachiliwa huonekana kama iliyokanyagwa; na baadhi ya pedali huhesabiwa kuwa zimekanyagwa nusu hadi zitakapoguswa kwa mara ya kwanza. Hewani hutaona lolote. Ukigusa lami, gurudumu moja linajifunga na ndege inapinda kwa ghafla. Kwa hiyo kanyaga breki zote mbili hadi mwisho na uziachie kabla ya kila safari, kisha uhakikishe kwamba ndege inaanza kutambaa kwa nguvu kidogo tu ya injini.

Kuhusu wepesi wa fimbo kuitikia, wengi hupunguza wepesi wa katikati kwa asilimia 20 au 30 ili ndege isiyumbe, na si kosa. Lakini fahamu gharama yake: kilichopunguzwa katikati kinalipwa pembezoni, ambako fimbo inakuwa na ukali zaidi. Wakati wa kutua, fimbo inakaa nyuma sana, yaani pale pale penye ukali. Ikiwa ndege yako hutii vizuri angani lakini huruka juu kama aliyeshtuka dakika ya mwisho, punguza mkunjo huo, yaani kiasi ulichopunguza wepesi wa katikati, kabla ya kuulaumu mkono. Mpini wa nguvu, kwa upande wake, uache ulionyooka bila mkunjo wowote.

Picha inayokudanganya

Kutua ni kazi ya macho, na macho hayo yanategemea skrini. Jambo la kwanza ni idadi ya fremu kwa sekunde. Programu inayoonyesha fremu 60 ukiwa mashambani inaweza kuanguka hadi 20 unapokaribia uwanja mkubwa uliojaa majengo, na inaanguka wakati ule ule unaouhitaji ulaini. Fremu 30 zisizotetereka ni bora kuliko 60 zinazopanda na kushuka. Weka kikomo, punguza msongamano wa magari na ndege za uwanjani, punguza vivuli na mawingu, na urudie jaribio lako.

Jambo la pili ni ucheleweshaji. Anayetumia televisheni badala ya skrini ya kompyuta awashe hali ya michezo ya televisheni hiyo, kwa kuwa bila hiyo picha husafishwa kwanza ndani yake na kufika ikiwa imechelewa. Ucheleweshaji huo huzaa mchezo wa kupanda na kushuka: unavuta, huoni jibu, unaongeza, jibu la kwanza linafika, unasukuma, na kadhalika hadi pua igonge. Watu husema ndege haitulii, kumbe wanaongoza ndege iliyokuwapo muda mfupi uliopita.

La tatu, ambalo wachache hulifikiria, ni upana wa uwanja wa kuona. Skrini yenye upana wa sentimita 60, ukiitazama kutoka umbali wa sentimita 60, inachukua takriban nyuzi 53 tu za macho yako. Programu ikibana nyuzi 80 au 90 za dunia ndani ya nafasi hiyo ili uone dashibodi yote, njia ya kurukia inakuwa ndogo na ya mbali kuliko ilivyo, nawe unachelewa kuvunja mteremko, yaani kuinua pua ili mshuko upungue karibu na lami. Ukivuta picha karibu kupita kiasi, kinyume chake kinatokea: lami inaonekana imefika, na unavunja mteremko ukiwa bado juu. Huna haja ya kutafuta kipimo kamili, lakini chagua kimoja kinachokaribia ukweli na usikibadilishe katikati ya mazoezi. Panga pia kimo cha kiti ili uone mbele ya pua bila kuficha vipimo muhimu.

Kisha fanya zoezi hili la bure. Simama mwanzoni mwa njia kabla ya kupaa, usimamishe muda, na uitazame picha iliyo mbele yako kwa nusu dakika: upana wa lami pembezoni, mahali ambapo upeo wa macho unakutana na dashibodi. Ndege ikiwa na magurudumu chini, macho yako yapo karibu mahali hapo hapo utakapogusa. Hiyo ndiyo picha unayoitafuta kila unapotua.

Maili tatu za mwisho

Ikiwa vifaa na skrini ni salama, sasa chunguza mteremko wenyewe. Mteremko wa kawaida ni nyuzi 3, ambao unakushusha takriban futi 320 kwa kila maili ya baharini. Ndiyo sababu jaribio letu linaanza futi 1,000 kwenye maili tatu. Ili kujua ushuke kwa kasi gani, chukua mwendo wako wa ardhini kwa noti (maili za baharini kwa saa) na uuzidishe mara 5. Kwa noti 65 unapata futi 325 kwa dakika. Ukiona kipima mshuko kinasoma 800 katika Cessna, huna haja ya kusubiri lami ikuambie.

Taa za PAPI, zile nne zilizo kando ya njia, ndizo mwalimu wa bei rahisi kuliko wote. Mbili nyeupe na mbili nyekundu zina maana kwamba uko sawa. Nyeupe zikizidi uko juu mno, nyekundu zikizidi uko chini mno, na zikiwa nyekundu zote nne ongeza nguvu mara moja.

Mwendo ndio mama wa matatizo mengi. Cessna 172 iliyoshusha flapu zote (mabapa ya nyuma ya mabawa) inatakiwa ifike ikiwa na noti 60 hadi 70. Mimi hushika 65. Mwanafunzi hufika na 75 au 80 akiamini kwamba mwendo wa ziada ni usalama. Nguvu iliyobebwa na ndege huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo noti 75 badala ya 65 ni theluthi moja zaidi ya nguvu inayopaswa kutumika mahali fulani kabla ndege haijakubali kukaa. Inatumika kwa kuelea. Anayelalamika kwamba ndege yake huelea, baada ya kuhakikisha kwamba mpini unafika sifuri, asitafute siri nyingine: apunguze mwendo, na apunguze mapema, kwa sababu hakuna namna nzuri ya kupoteza noti 15 ukiwa futi 50 juu ya lami. Flapu nazo zina kikomo. Katika modeli za kisasa za Cessna 172 usishushe zaidi ya nyuzi 10 ukiwa juu ya noti 85.

Kuhusu trimu, kidhibiti kinachoondoa uzito wa usukani mkononi, lazima niseme zaidi, kwa kuwa simuleta ya nyumbani inatofautiana hapa na ndege halisi na hakuna anayemwonya mgeni. Katika ndege halisi, rubani hushika usukani mahali pua ilipo sawa, kisha huzungusha trimu hadi uzito wa mkono umalizike, na usukani unabaki pale pale. Fimbo ya nyumbani ina springi inayoirudisha katikati siku zote. Kwa hiyo unapozungusha trimu ni lazima uirudishe fimbo taratibu kuelekea katikati kwa kiasi kile kile, vinginevyo pua itapanda. Asiyejua hili huacha trimu kabisa na kushuka maili zote tatu akiwa ameivuta fimbo nusu ya umbali inaoweza kuvutwa, mkono umechoka, na nafasi ya kuvuta iliyobaki ni ndogo anapoihitaji. Ukifika futi 500, unapaswa kuweza kuiachia fimbo kwa sekunde mbili bila pua kwenda popote. Huwezi? Basi hujamaliza kazi ya trimu.

Katika ndege ndogo, tumia pua kushika mwendo na mpini kushika mteremko; mabishano kuhusu jambo hili hayaishi, lakini kwa anayeanza namna hii inaeleweka upesi. Na weka lango la uamuzi. Marubani wa mashirika ya ndege hutakiwa wawe wametulia kwenye mteremko, mwendo na mwelekeo wafikapo futi 1,000 juu ya uwanja kukiwa na mawingu, au futi 500 kukiwa na anga wazi. Jiwekee 500. Usipokuwa umetulia hapo, sukuma nguvu zote, punguza flapu hadi nyuzi 20, panda, na uanze upya. Watu wa simuleta hudharau hatua hii kwa kuwa hakuna atakayeumia, ndiyo maana huzoea kuokoa miteremko mibovu badala ya kujifunza mizuri.

Kuvunja mteremko

Ukiwa futi 10 hadi 20 juu ya lami, ondoa macho mahali ulipokuwa ukipalenga na uyapeleke mwisho wa njia. Anayeendelea kutazama mbele ya pua huona ardhi ikimjia kwa kishindo na huvuta kwa hofu. Punguza nguvu polepole hadi sifuri, huku ukiinua pua kidogo kidogo ili ndege isafiri sambamba na lami. Kisha endelea kuvuta, si kwa ajili ya kupanda, bali kwa kuizuia isishuke, hadi mabawa yachoke na magurudumu makuu yaguse kwanza. Ndani ya kimo kisichozidi urefu wa mabawa, ambao kwa Cessna 172 ni kama mita 11, hewa iliyo kati ya mabawa na ardhi hufanya kazi kama mto na kuibeba ndege zaidi ya ulivyotarajia. Kwa hiyo subira ni sehemu ya kazi.

Dalili zinazotokea hapa zisome hivi. Ndege ikiruka juu tena unapovuta, umevuta upesi mno au umekuja na mwendo wa ziada. Usisukume pua chini, ishikilie tu, ongeza nguvu kidogo ikiwa umepanda kidogo, na ughairi kutua ikiwa umepanda sana. Ndege ikidunda baada ya kugusa, tazama marudio kutoka ubavuni: karibu siku zote utaona gurudumu la mbele limegusa kwanza au pamoja na mengine, kwa sababu rubani alilazimisha ndege kukaa kabla haijawa tayari. Mdundo wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza na wa tatu huvunja kitu, hivyo baada ya mdundo mkubwa wa kwanza jibu sahihi ni nguvu zote na kupaa. Ndege ikianguka kama gunia, ama ulivunja mteremko ukiwa juu mno na mwendo ukaisha, ama uliondoa nguvu zote mapema. Hizi mbili hutofautishwa kwa kutazama mpini kwenye marudio, si kwa kukisia.

Hapa niseme neno kuhusu ile namba ya kasi ya kugusa ambayo wengi huitangaza kwa fahari. Ndege kubwa za abiria hubuniwa zihimili mguso wa futi 600 kwa dakika zikiwa na uzito wa juu wa kutua, na mguso wa 150 au 200 ni wa kawaida kabisa. Anayeelea nusu ya njia ili aguse kwa futi 40, laini kama pamba, ametua vibaya kuliko aliyegusa kwa 200 mahali panapotakiwa. Pima kwanza mahali ulipogusa, halafu upime katikati ya lami ulikaa kwa usahihi gani, na ulaini uwe wa mwisho.

Upepo wa ubavuni

Ndege ikipinda baada ya kugusa hata kwenye jaribio lisilo na upepo, rudi kwenye breki na pedali. Ikipinda pale tu unapowasha upepo, tatizo ni pembe. Upepo unaokujia kwa nyuzi 30 kutoka mwelekeo wa njia unakusukuma ubavuni kwa nusu ya nguvu zake. Kwa nyuzi 45 ni asilimia 70. Kuanzia 60 uhesabu kama wote. Kikomo cha upepo wa ubavuni kilichoonyeshwa katika majaribio ya Cessna 172 ni noti 15, na anayeanza asiguse hata 10.

Unaposhuka, geuza pua upande wa upepo ili njia yako ya ardhini ibaki imenyooka. Karibu na lami, kanyaga pedali ya upande wa pili ili pua ielekee mwisho wa njia, na wakati huo huo laza bawa la upande wa upepo kidogo. Ni mikono na miguu kwa pamoja. Anayefanya kimoja tu hubebwa pembeni. Kosa la kawaida zaidi hutokea baada ya kugusa, rubani anapoona kazi imekwisha na kuachia kila kitu. Endelea kulaza fimbo upande wa upepo, na kadiri mwendo unavyopungua ulaze zaidi, kwa sababu vidhibiti vinapoteza nguvu. Upepo wa dharuba nao huhitaji mwendo wa ziada: ongeza nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na dharuba yake. Upepo wa noti 10 unaofika 20 unakutaka uongeze 5.

Unapohamia ndege kubwa

Boeing 737 au Airbus A320 hazielei kama Cessna, wala hazitaki pua ivutwe hadi mwisho. Kwa noti 140 mshuko wako ni futi 700 kwa dakika, pua inainuliwa nyuzi mbili au tatu tu kuanzia futi 20 au 30, na nguvu zinaondolewa kabla ya kugusa. Sauti ya Airbus inayotamka neno la kurudisha mipini nyuma ifikapo futi 20 ni ukumbusho wa jambo hilo hilo. Hakikisha mabapa ya juu ya mabawa yanayopunguza mbebo yametegwa ili yafunguke yenyewe ukigusa, maana yasipofunguka ndege itaendelea kubebwa na breki hazitashika.

Ikiwa unategemea otopailoti na mfumo wa ILS (mawimbi ya redio yanayoiongoza ndege hadi lami), na ndege inakataa kushika mteremko, kagua mambo haya kwa mpangilio: masafa sahihi ya redio, mwelekeo wa njia, chanzo cha uongozaji kuwa redio badala ya GPS, kitufe cha mkabala kuwashwa, na ndege kuwa chini ya mteremko inapoukuta. Anayeujia kutoka juu mara nyingi huukosa, au hushika mteremko wa uongo ulio mkali zaidi.

Weka daftari. Kwa kila kutua andika mwendo ulipopita mwanzo wa lami, mahali ulipogusa, kasi ya mguso na dalili moja uliyoiona, kisha baada ya kutua mara kumi tafuta dalili inayojirudia na uishughulikie hiyo pekee. Jaribio tulivu likifaulu mara nane kati ya kumi, ongeza upepo wa mbele wa noti 10. Hilo likizoeleka, ugeuze upepo huo uwe wa ubavuni wa noti 5. Na ukiona ndege iliyokuwa ikitua vizuri imeanza ghafla kuelea au kupinda baada ya programu kusasishwa, usirudi kwenye mazoezi. Rudi kwenye kidirisha cha vidhibiti, kwa sababu sasisho linaweza kurudisha mihimili kwenye mipangilio ya kiwandani bila kukuarifu.